Huduma ya filamu iliyonifyekea dakika tatu za mwanzo

Naandika nikiwa bado na hasira. Huduma hii ya kutazama filamu mtandaoni nimeilipia kwa muda mrefu, na hadi majuzi nilikuwa naisifu kwa kila mtu. Picha ni safi, haikwamikwami, manukuu yanasomeka, na filamu za zamani zimejaa tele. Basi nikamketisha mdogo wangu, ambaye hajawahi kuona filamu ya taharuki ya enzi zile, nikamwekea Touch of Evil ya mwongozaji Orson Welles, ya mwaka 1958. Mwanzo wake nilikuwa nimemsifia hadi akachoka kunisikiliza.

Ikatokea nembo ya studio. Mara mwanamume na mwanamke wanabusiana, mlipuko, gari linawaka moto. Mdogo wangu akaniuliza, "Ndiyo huo mwanzo wenyewe?"

Kumbe programu yao siku hizi inaruka utangulizi yenyewe. Sikuulizwa, wala sikuarifiwa. Kwa tamthilia yenye wimbo uleule kila sehemu, sawa, waruke. Lakini katika toleo waliloweka wao, majina ya waigizaji yanapita juu ya tukio lenyewe. Nadhani mtambo uliona maandishi, ukaona hapa pana majina tu, ukafyeka.

Na walichofyeka ndicho kilichonifanya niipende filamu hii! Inaanza kwa mikono inayotegesha saa ya bomu. Mtu anakimbia kivulini, anatumbukiza bomu kwenye buti ya gari, anatoweka kabla hujaishika sura yake. Bwana mmoja anakuja na mwanamke wake, wamechangamka, wanaingia garini na kuondoka. Kamera inapanda juu ya mapaa, inashuka barabarani, inawafuata kwa zaidi ya dakika tatu bila kukatwa hata mara moja. Hapo ndipo wanapotokea maharusi wapya, wanaoigizwa na Charlton Heston na Janet Leigh, wakitembea kwa miguu kuelekea mpaka wa Mexico na Marekani. Mara wanalipita gari, mara gari linawapita. Kila wanapokuwa ubavuni mwake unatamani kuwapigia kelele wakimbie. Kwenye kizuizi cha mpakani gari linasimama, watu wanapiga soga, na yule mwanamke garini analalamika kwamba anasikia mlio wa tik-tik kichwani. Hakuna anayemjali. Wewe peke yako ndiye unayejua ni mlio wa nini.

Alfred Hitchcock, gwiji wa filamu za taharuki, alimweleza mwongozaji mwenzake François Truffaut jambo hili vizuri: bomu likilipuka chini ya meza bila mtazamaji kujua lipo, anapata mshtuko wa sekunde 15, akijua lipo, anapata dakika 15 za taharuki. Programu ilituachia mshtuko peke yake. Ni kama kumpa mtu jibu la kitendawili ambacho hajategewa.

Nilirudisha nyuma, tukaanza upya, lakini swali kubwa lilikuwa limekwisha kufa. Mdogo wangu alishajua maharusi wanapona. Wakikaribia gari, hakushtuka hata kidogo. Hilo hakuna kitufe cha kulirudisha.

Nikawaandikia watu wa huduma kwa wateja. Jibu: "Ndugu mteja, kilichorukwa ni majina tu, hujakosa sehemu yoyote ya hadithi." Nikamweleza kwa adabu kwamba bomu linategwa humo humo. Akanijibu kwamba watazamaji wengi hawapendi kusubiri, kisha akafunga mazungumzo. Hata samahani moja hakutoa. Majina tu!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba majina hayo Welles mwenyewe hakuyataka pale. Ni studio ya Universal iliyoyaweka, pamoja na muziki wa Henry Mancini. Welles aliwaandikia waraka wa kurasa 58 kuhusu uhariri wa filamu yake, na kwa mwanzo huu alitaka tusikie mtaa: muziki unaotoka kwenye vilabu, unaobadilika kadiri kamera inavyosogea. Mwaka 1998 mhariri wa filamu Walter Murch aliihariri upya kwa kufuata waraka huo, na majina yakaondolewa pale. Muziki wa Mancini naupenda, zile ngoma zake zinakwenda vizuri na saa ya bomu, siwezi kusema uongo. Lakini toleo la 1998 lingekuwepo, pengine mtambo wao usingepata maandishi ya kuufanya uruke. Nimelitafuta, halimo.

Nilipoanza kuandika nilikusudia nyota tatu, kwa ajili ya ubora wa picha na wingi wa filamu. Mpangilio wa kuzima huo urukaji upo, umefichwa chini kabisa, na niliuzima. Hapo nikakaribia kupanda hadi nne. Kisha juzi nikafungua filamu nyingine, nikakuta umejiwasha tena, na mwanzo umekwenda.

Nyota moja. Kama unatazama tamthilia tu, huenda hutaona tatizo lolote. Kama unapenda filamu za taharuki, usiwape pesa yako mpaka waache kugusa dakika za mwanzo bila idhini yako. Usajili wangu nimeufuta, na nilipoulizwa sababu niliandika: bomu.