Saladi ile sikuila: shamba la kilimo hai Uluguru

Nimetoka kwenye shamba dogo la kilimo hai milimani Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, na hasira bado hazijanitoka. Bei haina shida, njia nayo inapitika. Kilichoniudhi ni tuta la saladi.

Mwenyeji alikuwa ametuzungusha vizuri, migomba na magimbi kwenye shamba moja, mbaazi pembeni zikishika udongo wa mteremko. Kwenye saladi nikakuta mbolea ya kuku mbichi kabisa, manyoya na maranda bado yanaonekana, imerundikwa hadi kwenye mashina. Harufu inachoma pua. Nikauliza kwa adabu imekaa muda gani. Akanijibu mbele ya wageni wote: "Dada, hapa hatutumii dawa, kila kitu ni asili. Kama umekuja kukagua ungeleta barua." Saladi hiyohiyo ikachumwa, ikasuuzwa mara moja kwenye beseni, ikaletwa mezani.

Kinyesi cha kuku ni asili, na salmonela, vile vijidudu vya kuharisha, pia ni asili! Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 tangu samadi mbichi iingie shambani hadi kuvuna zao la kuliwa linalogusa udongo. Saladi huwa tayari kwa wiki 6 hadi 8. Hesabu haikubali, labda samadi iwekwe msimu wa nyuma, au iozeshwe kwanza.

Na kuozesha si kazi ngumu. Mabua yaliyokatwakatwa chini, kama sentimita 20, juu yake majani mabichi (alizeti pori inafaa sana), kisha tabaka jembamba la samadi, majivu kidogo, udongo kidogo, maji. Rudia hadi mita moja na nusu, funika kwa majani ya mgomba, choma kijiti kirefu katikati. Baada ya siku 3 au 4 kichomoe ukishike: kikiwa cha moto, rundo linafanya kazi. Kikiwa baridi na kikavu, mwagia maji. Kikitoka kimelowa na kinanuka uvundo, maji yamezidi, hewa haipiti. Pindua na uongeze mabua. Geuza kila wiki 2 au 3. Kwa miezi mitatu hivi unapata mboji nyeusi inayonukia kama udongo wa msituni. Pale rundo lilikuwepo, ila halina kijiti, na ubavuni nilipotia mkono lilikuwa baridi.

Nilitaka niishie hapa na kusema msiende. Lakini matembele yale! Vikonyo vya juu tu, vimechumwa asubuhi kabla ya jua kuwa kali, vikapikwa kwa nazi ya kukuna bila magadi, kwa hiyo havikurojeka. Magimbi ya kuchemsha yalikuwa makavu na ya unga, si yale yanayowasha koo. Mama aliyepika alinieleza kila kitu bila kununa, hata namna ya kuchagua gimbi kwa uzito wake mkononi.

Basi nendeni, kwa ajili ya jiko la mama yule. Kuleni kilichopikwa, saladi iacheni. Kijiti kikichomekwa kwenye lile rundo nitarudi, na huyo mwenyeji nitamsalimia vizuri tu.