Hita ya Feni ya Bei Rahisi: Joto Lipo, Usalama Haupo

Hita hii ndogo ya wati 2,000, ya aina inayojaa madukani Nairobi baridi ya Julai inapoingia, hupasha chumba kidogo joto upesi, na hapo sifa zake karibu zinakwisha. Kwa volti 240 hita ya nguvu hiyo huvuta takriban ampea 8, ilhali waya wake ni mwembamba kama wa redio, nao hupata moto pamoja na plagi. Haina swichi ya kujizima inapoanguka, jambo ambalo, kwa chombo kinachowekwa sakafuni karibu na mapazia na watoto, ni kasoro isiyovumilika. Wavu wa mbele umeshalegea. Atakayeinunua hata hivyo aichomeke moja kwa moja ukutani, kamwe si kwenye ekstensheni, wala asilale ikiwaka.