Sabuni ya Maji ya Vyombo kwa Madoa ya Mafuta: Uzoefu Wangu wa Fundi Cherehani, Mtwara

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini. Katika hewa hii ya bahari, cherehani isiyotiwa mafuta hushikwa na kutu upesi, na iliyotiwa huweza kuyadondosha juu ya kitambaa cha mteja, kwa hiyo suala la madoa ya mafuta ninalikabili mara kwa mara. Nimetumia sabuni ya mche, sabuni ya unga, mafuta ya taa na hata dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Baada ya yote hayo, ninayoiamini ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile ya kawaida inayopatikana katika maduka ya mtaani.

Maji peke yake hayayaondoi mafuta. Sabuni huweza kwa sababu kila chembe yake ina upande unaoshika maji na upande unaoshika mafuta, nayo huyazingira mafuta katika matone madogo mno yanayochukuliwa na maji ya kusuuzia. Sabuni ya mche nayo hufanya kazi hiyo, lakini anayefulia maji ya kisima yenye chokaa au chumvi anajua jinsi inavyokataa kutoa povu na kuacha utando mweupe kwenye nguo. Sabuni ya maji haisumbuliwi sana na maji ya namna hiyo.

Matokeo, hata hivyo, hutegemea sana utaratibu. Kama doa ni bichi, ninalikandamiza kwanza kwa kitambaa chakavu bila kusugua, kisha ninalinyunyizia chaki nyeupe iliyosagwa, ambayo huyanyonya mafuta mengi kabla sabuni haijafika. Nikishaikung'uta chaki, ninaiweka sabuni juu ya nguo ikiwa bado kavu, bila kuichanganya na maji. Maji yakitangulia, sabuni huzimuliwa kabla ya kuyafikia mafuta yaliyoingia ndani ya nyuzi. Ninaisugua taratibu kwa kidole kutoka ukingoni kuelekea katikati, ili doa lisitanuke, ninaiacha kwa takriban dakika 15, kisha ninafua kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyoweza kuhimili.

Hatua inayofuata naiona kuwa muhimu kuliko zote: nguo ianikwe kivulini na ikaguliwe ikiwa imekauka kabisa, kwa sababu nguo mbichi hulificha doa. Isipigwe pasi kabla ya ukaguzi huo. Joto huyafanya mafuta ya kupikia yaliyobaki yageuke manjano na kung'ang'ania nyuzi, na kuanzia hapo kazi huwa ngumu mara nyingi zaidi.

Vitambaa navyo havilingani. Kanga na vitenge vya pamba husafishika vizuri, mara nyingi kwa mkupuo mmoja. Poliesta, ambayo ndiyo kitambaa cha kanzu nyingi na sare nyingi za shule, huyapenda mafuta kwa asili yake, hivyo nguo za aina hiyo nazirudia kwa uvumilivu. Kwa hariri siisugui kabisa, na kwa kitambaa chochote cha rangi kali hujaribu kwanza kwenye pindo la ndani.

Mchuzi wa samaki wa nazi unastahili maelezo yake, maana una mafuta pamoja na binzari. Sabuni ya maji huondoa mafuta na kuacha umanjano. Anayekimbilia sabuni ya mche huona doa likigeuka jekundu na kudhani nguo imeharibika, kumbe ni binzari tu inayobadilika rangi inapokutana na ukali wa sabuni hiyo. Mafuta yakishatoka yote, hapo ndipo jua la Mtwara huwa msaada mkubwa, kwa kuwa mwanga wake huififisha binzari.

Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe siishauri: hula rangi na kuyaacha mafuta palepale. Mafuta ya taa yana nafasi moja tu, nayo ni grisi nyeusi ya mnyororo wa pikipiki, ambayo sabuni ya vyombo peke yake huishindwa. Yatumike nje, mbali na jiko, kwa kiasi kidogo, kisha sabuni ya maji ifuate ili kuyaondoa yenyewe pamoja na harufu yake. Mbali na kasoro hiyo ya grisi, lalamiko langu jingine ni sabuni nyepesi mno zinazouzwa kwa kupimwa. Zinazotiririka kama maji hazinifai kwa kazi hii, hata bei ikiwa nafuu.

Kuna doa ambalo sabuni hii haijaliweza, nalo ni la mafuta ya ganda la korosho, ambalo wateja huniletea wakati wa msimu. Mafuta hayo huunguza ngozi, na yakikauka huwa magumu. Si ajabu kwamba viwandani hutumika kutengenezea rangi za kupaka na vitambaa vya breki. Yakiwa mabichi nimewahi kuyapunguza, nikiwa nimevaa glavu. Yakishakauka sipotezi sabuni ya mtu: ninamshauri mteja tushone mfuko juu yake, au kiraka cha kitambaa kinachooana na nguo.