Dhoruba ya Defoe: kitabu moto, duka la hovyo

Mimi kulalamika mtandaoni si kawaida yangu ila hawa watu wa duka hili la vitabu (jina naliacha, wenyewe wanajijua) wamenipandisha hasira sijapata kuona. Niliagiza The Storm ya Daniel Defoe, kile cha mwaka 1704 kuhusu dhoruba iliyoipiga Uingereza Novemba 1703. Kikachelewa weee, mwishowe boda akanipigia, nikalipa, jalada safi kabisa, nikafurahi.

Na kitabu chenyewe jamani! Huyu Defoe alikuwa ndo kwanza katoka gerezani, madeni mpaka shingoni, basi upepo ulivyotulia akaweka tangazo gazetini kwamba yeyote aliyeona kitu aandike amtumie. Wakamtumia kweli, mapadri, mabaharia, watu wa vijijini huko, kila mtu na lake. Na habebi kila kitu tu, anakwambia hili nimeliona kwa macho yangu, hili kaniletea mtu wa kuaminika. Mwenyewe kabla dhoruba haijapiga alitazama kipimahewa akakuta zebaki imeshuka mno, dalili ya dhoruba hiyo, yeye akadhani watoto wamekichezea 😂

Sasa sikia. Nimefika kwenye habari ya Deal, mji wa pwani kule Kent, meli zimevunjika kwenye mafungu ya mchanga ya Goodwin, maji yamekupwa, mabaharia waliopona wanatembea juu ya mchanga wanapunga mikono waokolewe, maana wanajua maji yakijaa ndo basi tena, na mashua za watu wa Deal zinapita hapohapo zinaokota mali inayoelea, wao wanaachwa. Moyo unadunda nageuza ukurasa nakutana na bei ya vigae vya paa! Yaani kurasa za London za huko mwanzo zimerudiwa, vigae vimepanda kutoka shilingi 21 kwa elfu moja hadi pauni 6, nilishasoma hiyo, na kurasa za Deal zilizobaki hazipo kabisa.

Napiga kastama kea, dada anajibu kwa kuvuta maneno, "Kaka, kitabu cha miaka 300 hicho, kipo bure kwenye intaneti, si ungesoma huko." Namuuliza sasa hela yangu mlichukua ya nini, akakata simu.

Kinachouma ni kwamba kweli kipo bure. Nikamalizia kwenye simu. Kumbe meya wa Deal, Simon Pritchard, aliomba mashua za forodha akanyimwa, akazichukua kwa nguvu, akaokoa watu zaidi ya 200, halafu wakala wa Malkia aliyetakiwa kuhudumia mabaharia wagonjwa akagoma kutoa hata senti, meya akawalisha kwa hela yake mwenyewe. Huyo wakala ndo kastama kea wa enzi hizo.

Nilitaka kusema msinunue kabisa. Ila nunueni bwana, habari zake tamu, hata hapo dukani sawa tu ila fungua mzigo mbele ya boda ukague kurasa zote kabla hujatoa hela. Hapana, ngoja, hapo msinunue, kwa jibu lile hapana. Ingawa maandishi yao ni makubwa, macho hayaumi, hilo nawapa.

Nyota 2. Wakinirudishia hela napandisha 3, wakiendelea kukaa kimya nashusha.