Boksi linasema siku 14, dawa inachoka siku ya 4

Geuza boksi usome nyuma. Mbele pana mwezi, nyota na maneno ya kubembeleza. Nyuma ndiko iliko dawa. Vidonge vingi vya usingizi vinavyouzwa bila cheti cha daktari vina kiambato kimoja kati ya viwili, difenhidramini au doksilamini, hata kama rafu imejaa majina kumi tofauti. Vyote viwili ni antihistamini za kizazi cha kwanza, yaani dawa za mzio za zamani. Difenhidramini ilipoingia sokoni Marekani mwaka 1946 kwa jina la Benadryl, kazi yake ilikuwa kukausha mafua na kutuliza mwasho. Kusinzia kulikuwa kero tu. Baadaye kero hiyo ikapewa boksi lake na kuuzwa kama tiba.

Ubongo hutumia histamini kujiweka macho. Dawa hizi hupenya hadi ubongoni na kuziba milango ambayo histamini hubisha hodi. Antihistamini mpya kama loratadini na feksofenadini hupenya kidogo mno, kwa hiyo anayezinunua ili apate usingizi atakesha vilevile, ila hatapiga chafya.

Hukumu yetu tuitangulize. Kwa mtu mzima mwenye afya aliyeharibikiwa na usingizi kwa sababu inayopita (safari ndefu, msiba, zamu ya kazi iliyobadilika), difenhidramini tupu ya miligramu 25 ndiyo ya kujaribu kwanza. Doksilamini ni ya pili. Vidonge vya mchanganyiko, vyenye dawa ya maumivu ndani, vinashika mkia. Na hakuna hata kimoja tunachokipendekeza zaidi ya siku tatu mfululizo.

Tuanze na difenhidramini. Dozi kamili ya usingizi kwa mtu mzima ni miligramu 50, yaani vidonge viwili vya 25, mara moja tu kwa usiku. Siku ya kwanza meza kimoja. Wengi hawahitaji cha pili, na asubuhi utashukuru. Hapa pana mtego wa hesabu: boksi moja limeandikwa miligramu 25, jingine 38, na mnunuzi anadhani la pili lina nguvu zaidi. Sivyo. La kwanza ni chumvi (yaani umbo la kikemikali la dawa) ya haidrokloraidi, la pili ni ya sitreti, na miligramu 38 za sitreti ni sawa na 25 za haidrokloraidi. Kwa hiyo dozi kamili ya sitreti ni 76. Anayehama kutoka boksi moja kwenda jingine ahesabu vidonge, asihesabu miligramu bila kutazama chumvi.

Meza kama nusu saa kabla ya kuzima taa, ukiwa umeshamaliza shughuli zote. Dawa hufika kilele chake kwenye damu baada ya saa mbili hadi tatu. Kosa tunalolisikia kuliko yote linazaliwa hapo: mtu anameza, anaendelea kuchezea simu, dakika 45 zinapita hajalala, anaamua kwamba dawa ni feki, anaongeza viwili. Dozi ya kwanza ilikuwa bado inapanda mlima. Ya pili inaikuta kileleni, na kesho yake mtu anaamka amelewa bila kunywa.

Kosa la pili ni kumeza saa 8 usiku baada ya kuhangaika kitandani. Nusu-maisha ya difenhidramini, yaani muda ambao mwili unahitaji kupunguza dawa kwa nusu, ni karibu saa 9 kwa mtu mzima wa kawaida, na kwa mzee inaweza kupita 13. Ukimeza saa 4 usiku, kilele kinakuja kwenye saa 6 au 7 usiku, na saa 1 asubuhi bado una zaidi ya nusu ya kile kiwango cha juu. Hiyo ni kwa aliyemeza mapema! Aliyemeza saa 8 anaingia barabarani wakati dawa ina nguvu karibu yote. Kanuni ni rahisi: kama huna saa saba au nane kamili za kukaa kitandani, usimeze. Kahawa ya asubuhi haiondoi dawa mwilini. Inakufanya tu ujione umeamka huku mguu bado unachelewa kukanyaga breki.

Doksilamini huuzwa kwa kidonge cha miligramu 25, na kimoja ndicho dozi kamili. Kikate katikati uanze na nusu, iwapo kina mstari wa kukatia. Nusu-maisha yake ni saa 10 hadi 12, ndefu kidogo kuliko ya mwenzake, na tofauti hiyo inaonekana. Anayelala vizuri mwanzoni kisha akazinduka saa 9 usiku huenda akaipenda zaidi. Mwenye kazi ya mashine, ngazi au usukani asubuhi hataipenda. Kichwa kinakuwa kizito, kinywa kimekauka kama kimefutwa na kitambaa, na hali hiyo inaweza kufika hadi adhuhuri.

Jambo la kuudhi: jina moja la kibiashara linaweza kubeba dawa zote mbili. Unisom ni mfano unaojulikana. Vidonge vyake vya SleepTabs vina doksilamini, SleepGels vina difenhidramini. Anayesema kwamba Unisom ilimfaa hajatuambia kitu mpaka ataje ni ipi. Zaidi ya hapo, vidonge laini vyenye maji ndani mara nyingi huja na miligramu 50 kwa kimoja na havikatiki, kwa hiyo njia ya kuanza na dozi ndogo inafungwa. Tunavipunguzia alama kwa hilo peke yake. Dawa za maji zinapimika kwa kikombe kilichokuja nazo, si kwa kijiko cha jikoni, na soma viambato vyake vyote, maana baadhi zina pombe.

Kuhusu vidonge vya mchanganyiko hatuna maneno mazuri sana. Kidonge cha Tylenol PM kina paracetamoli miligramu 500 na difenhidramini 25. Cha Advil PM kina ibuprofeni 200 na difenhidramini sitreti 38. Ukiwa na maumivu yanayokunyima usingizi, sawa, kwa usiku huo. Kama huumwi popote, unameza dawa ya maumivu bure. Hatari kubwa ni kurudufisha. Mwenye homa anameza paracetamoli mchana, anakunywa dawa ya mafua ya usiku ambayo nayo ina paracetamoli pamoja na doksilamini, kisha anaongeza kidonge cha usingizi cha mchanganyiko. Bila kujua amekusanya antihistamini mbili na paracetamoli ya sehemu tatu, wakati kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa siku nzima, na ini halisamehe. Hata krimu ya kuzuia mwasho yenye difenhidramini haipaswi kupakwa wakati unameza vidonge vyake, kwa sababu hupenya kwenye ngozi.

Sasa hizo siku tatu. Maboksi ya Marekani yanasema ukikosa usingizi mfululizo kwa zaidi ya wiki mbili, umwone daktari. Watu wanalisoma hilo kama ruhusa ya kumeza siku 14. Si ruhusa, ni onyo: kukosa usingizi kwa muda huo kunaweza kuwa dalili ya ugonjwa mwingine. Mwili huizoea dawa hii upesi kuliko boksi linavyodokeza. Watu waliopewa difenhidramini miligramu 50 mara mbili kwa siku katika jaribio, kufikia siku ya nne hawakusinzia zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Chama cha Marekani cha tiba ya usingizi, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kilishauri difenhidramini isitumiwe kutibu tatizo sugu la kukosa usingizi. Ndiyo maana anayefika siku ya tano anaanza kupanda kutoka viwili hadi vitatu, kisha vinne. Usingizi hauongezeki, lakini moyo kwenda mbio, choo kufunga, mkojo kugoma na kuchanganyikiwa vinaongezeka. Ukishatumia siku mbili au tatu unaacha tu, hakuna haja ya kupunguza kidogo kidogo. Aliyetumia wiki nyingi anaweza kupata siku chache mbaya anapoacha, na hilo si ushahidi kwamba anaihitaji.

Wapo ambao kwao tathmini hii inaishia neno moja: usinunue. Wa kwanza ni wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Dawa hizi zimo katika orodha ya Beers, inayotolewa na chama cha madaktari wa wazee cha Marekani, ya dawa ambazo wazee wanapaswa kuepushwa nazo. Mzee anaamka kwenda haja ndogo akiwa na mang'amung'amu, miguu haimtii, anaanguka. Au asubuhi anaongea maneno yasiyoeleweka na familia inadhani amepata kiharusi. Wa pili ni mwenye glakoma, hasa ile ya pembe iliyofunga, kwa kuwa presha ya jicho inaweza kupanda ghafla. Wa tatu ni mwenye tezi dume iliyotanuka, ambaye anaweza kuamka mkojo umeziba kabisa. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, na anayekoroma huku pumzi ikikatika usingizini, wamuulize daktari kwanza. Mwenye miguu isiyotulia usiku ajue kwamba antihistamini hizi mara nyingi huizidishia fujo. Mjamzito na anayenyonyesha wasijiamulie. Ni kweli doksilamini pamoja na vitamini B6 hutumika kutibu kichefuchefu cha mimba, ila hiyo ni tiba yenye dozi na usimamizi wake.

Watoto? Lebo za Marekani zinakataza chini ya miaka 12, za Uingereza chini ya 16. Hakuna safari ya basi au ndege inayohalalisha kumlaza mtoto kwa kidonge. Tena baadhi yao dawa huwafanya kinyume kabisa: wanaruka, wanalia, hawashikiki.

Pombe haichanganywi na vidonge hivi, hata bilauri moja. Vivyo hivyo diazepamu, kodeini, tramadoli na dawa nyingine zinazolegeza ubongo, kwa sababu kusinzia kunajumlishana na pumzi inaweza kufifia. Anayetumia amitriptilini, dawa ya sonona, anapata ukavu na kuchanganyikiwa mara mbili. Jambo lisilosemwa sana kaunta: difenhidramini huzuia ini kuvunja metoprololi, dawa ya presha, hivyo anayetumia metoprololi anaweza kuona mapigo ya moyo yakishuka kupita kiasi. Mtajie mfamasia kila unachomeza, pamoja na dawa ya mafua.

Dozi ikizidi, dalili zinaonekana kwa macho: ngozi nyekundu yenye joto na kavu, mboni zimepanuka, mtu anaona vitu visivyokuwepo, moyo unakimbia, kisha degedege. Mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika kabisa. Septemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya vijana kulazwa hospitali na wengine kufariki kwa kumeza difenhidramini nyingi wakishindana kwenye TikTok. Usimtapishe mtu wa aina hiyo. Mwahishe hospitali na uchukue boksi, ili wajue ni chumvi gani, miligramu ngapi, vimebaki vingapi.

Jaribio la kwanza lifanyike usiku wa kuamkia siku isiyo na kazi wala kuendesha gari. Kipime kidonge kwa asubuhi yake kwanza: kama saa 4 asubuhi bado unasoma sentensi moja mara tatu, dozi ni kubwa kwako, au dawa hiyo si yako.

Ukinunua, chagua pakiti ndogo kabisa yenye vidonge vilivyofungwa kimoja kimoja kwenye karatasi ya bati. Chupa ya vidonge 100 ni nafuu na ni ununuzi mbaya, maana mtu aliyelala nusu hakumbuki amefungua kifuniko mara ngapi. Weka kidonge cha usiku huo karibu na kitanda, pakiti iliyobaki ikae chumba kingine, juu, mahali mtoto hafikii.