Jiko la peleti au pipa la mkaa?

Kwa kidari cha ng'ombe cha kilo 5, jiko la peleti, linalochoma vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, halina mpinzani. Unalitega nyuzi 110, parafujo ndefu inayozunguka inalisha moto peleti kidogo kidogo, feni inapuliza, na baada ya saa 10 hadi 12 nyama imefika nyuzi 95 ndani. Kwenye pipa utakesha ukichochea.

Tabu ni unyevu wa Unguja. Peleti zikivuta maji huvimba, parafujo ikakwama. Masika usizilaze ndani ya jiko, zirudishe kwenye ndoo ya mfuniko wa kubana. Vunja moja kwa vidole: isipolia ta!, tupa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, toa kwanza peleti zilizorundikana kwenye kikombe cha moto, zinamochomekea, kabla ya kuwasha tena, la sivyo moshi uliojaa unaweza kulipuka. Na agiza la volti 230. La Marekani la 120 litadai transfoma.

Mishikaki na pweza? Pipa, bila ubishi. Vinataka makaa mekundu karibu, dakika chache tu.

Vya ziada: kipimajoto cha sindano na turubai, maana chumvi ya bahari inakula chuma. Vingine mbwembwe.