Kichujio cha darubini cha RG1000: kinunue kwa ajili ya upande wa usiku wa Zuhura tu

Ukikiinua mbele ya taa huoni kitu, kioo ni cheusi tii. Usikirudishe dukani, si kibovu. Huzuia mwanga wote unaoonekana kwa macho na kupitisha infraredi, mwanga ambao jicho halioni, kuanzia karibu nanomita 1000, ambako joto la uso wa Zuhura, nyuzi 460 hivi za Selsiasi, hupenya mawingu ya asidi ya salfuriki. Nyanda za juu kama Aphrodite Terra zina joto pungufu kidogo, hivyo huonekana kama mabaka meusi.

Kasoro yake ni kwamba kioo cha rangi hakikati mwanga ghafla. Infraredi fupi zaidi hupita kidogo, na sensa ya silikoni huiona hiyo vizuri kuliko ile ya nanomita 1000. Matokeo yake mng'ao wa hilali, yaani upande wa mchana, hufunika joto hafifu la usiku. Vichujio vya nanomita 1000 vilivyopakwa matabaka hukata kwa ukali zaidi. Kama mfuko unaruhusu, chukua hivyo.

Tumia darubini ya vioo yenye kipenyo cha milimita 200 au zaidi na kamera ya nyeusi na nyeupe, mfano yenye sensa ya IMX290. Barlow, lenzi ya kuongeza ukuzaji, iache, mwanga ni haba. Fokasi irekebishwe kichujio kikiwa tayari kimefungwa, kwa kuangalia ncha za hilali. Ukifokasi bila kichujio, picha itatoka na ukungu. Kisha isogeze hilali hadi ukingoni mwa fremu, ongeza gaini (ukuzaji wa ishara ya kamera), anza na sekunde 1 kwa kila picha, upige nyingi za kupangwa juu kwa juu. Msimu wake ni wiki chache kabla na baada ya Zuhura kupita kati yetu na Jua, kama itakavyokuwa tarehe 24 Oktoba 2026. Subiri Jua lizame kabisa: kichujio hiki hakikingi jicho wala sensa.

Kwa mawingu ya mchana, RG1000 ni hasara. RG850, inayoanzia karibu nanomita 850, hutoa mwanga mwingi zaidi kwa kazi ileile. Na anayetaka vivuli vya mawingu ya chini upande wa usiku anahitaji mikromita 1.74 au 2.3 (mikromita 1 ni nanomita 1000). Silikoni huishia 1.1, na hata kamera za kawaida za InGaAs, sensa maalumu za infraredi, hukomea 1.7, pembeni kabisa mwa dirisha la 1.74. Huko ni kwa vyombo kama IRTF, darubini ya infraredi ya NASA huko Hawaii, au picha za kamera ya IR2 ya chombo cha anga cha Japani, Akatsuki, zilizopigwa mwaka 2016.